Kiharusi kimeondoka na nusu ya macho: mazoezi ya ubongo yanarudisha kweli?

Haya wasomaji, barua za kiharusi na macho zimejaa mezani kuliko za kitu kingine chochote, nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti tofauti, kwa hiyo leo nimezikusanya hapa. Wa sukari na wa mtoto wa jicho mvumilie kidogo, zamu yenu ipo. Naanza na fupi maana haingoji.

SWALI: Dokta, juzi nikiwa nimekaa tu jicho la kulia lilizimika ghafla, kama mtu kateremsha pazia, baada ya dakika kumi hivi likarudi lenyewe. Sina maumivu. Nimesoma kuna mazoezi ya ubongo kwa watu wa kiharusi, nianze nayo ili lisirudie? – Mwenye wasiwasi, 58

Hapana ndugu yangu, wewe hufanyi mazoezi yoyote, wewe unaenda hospitali leo hii, tena mapokezi usiseme umekuja kupima macho, sema "jicho lilizimika ghafla likarudi, naogopa kiharusi". Hilo la kuzima na kurudi mara nyingi ni kipande kidogo cha damu iliyoganda au mafuta kimepita kwenye mshipa unaolisha jicho kikaondoka, na kinachofuata kinaweza kwenda kwenye ubongo kikakaa hukohuko. Watapima presha, mapigo ya moyo, mishipa ya shingoni. Likizima tena lisirudi ndo usingoje hata saa moja. Mazoezi ni ya mtu ambaye kiharusi kimeshapita, wewe bado una nafasi ya kukizuia.

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 64, alipata kiharusi miezi miwili iliyopita, mkono na mguu vimerudi vizuri tunamshukuru Mungu ila macho ndo shida. Kila mlango anagonga bega la kushoto, ukimsogelea kutoka upande huo anashtuka, anasema jicho la kushoto limekufa. Tulimpeleka kupimwa akapewa miwani, hamna kitu. Sasa kuna mtu katupigia simu anauza programu ya kompyuta, anasema inafundisha ubongo na uoni unarudi wote ndani ya miezi 6, hela yenyewe sio ndogo. Nyumbani tumegawanyika, kaka anasema tununue mimi nasita. Tufanyeje? – Kitinda mimba

Marahaba mwanangu, pole sana na uuguzi. Nianze na la hela: msinunue. Sisemi mazoezi ya ubongo ni uongo, yapo, na mengine huenda yakasaidia, ila huyo aliyewapigia anauza ahadi ambayo mtafiti makini hawezi kuitoa. Mtu akikwambia uoni unarudi "wote", kata simu.

Sasa tuelewane baba amepatwa na nini, maana hapa ndo wengi wanapotea, hata wauguzi wengine. Jicho la kushoto la baba halijafa. Jicho kazi yake ni kupokea tu na kupeleka, kuona kwenyewe kunafanyika kwenye ubongo, huku nyuma kisogoni, na ubongo umegawana kazi kwa namna ambayo usipoambiwa huwezi kuidhania: upande wa kulia wa ubongo unashughulika na kila kilichoko kushoto kwako, kutoka macho yote mawili, na upande wa kushoto unashughulika na cha kulia. Kwa hiyo mshipa ukiziba kule nyuma upande wa kulia mtu hapotezi jicho, anapoteza nusu ya kushoto ya kila jicho. Kitaalamu inaitwa hemianopia. Ndo maana miwani haikufua dafu, miwani inarekebisha picha inapoingia jichoni na jichoni hapakuwa na shida tangu mwanzo.

Mnaweza kulijaribu hapo nyumbani. Kaa mkabala naye, karibu magoti yagusane, azibe jicho moja kwa kiganja, akodolee pua yako asiyatoe macho hapo, wewe chezesha kidole ukikianzia mbali pembeni ukikileta taratibu katikati, aseme kikitokea. Kisha azibe lile lingine mrudie. Macho yote mawili yakikosa upande uleule, hiyo ni ya ubongo. Likikosa jicho moja tu, hiyo ni habari nyingine, mrudisheni kwa daktari wa macho haraka. Na hata mkipata jibu bado ombeni apimwe uwanja wa kuona kwa mashine, ile anaweka kidevu pale anabonyeza kitufe kila akiona nukta ya mwanga, halafu ile karatasi ya majibu itunzeni vizuri kwa sababu miezi sita baadaye hiyo ndo itawaambia kama kuna kilichobadilika au ni sisi tu tunajifariji.

Kuna jambo la kuwatia moyo hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 huko Marekani uliwafuatilia watu wenye hemianopia, na karibu 4 katika kila 10 uoni wao uliongezeka kwa kiasi fulani wenyewe bila tiba yoyote maalum, wengi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, baada ya miezi 6 ikawa nadra. Baba yuko mwezi wa pili. Sasa uone na ujanja unapoingilia: mtu akikuuzia programu ya miezi 6 mwezi wa pili, kile ambacho kingerudi chenyewe atasema amekirudisha yeye, na ninyi mtamshukuru na kumtangaza kwa majirani.

Turudi kwenye hayo mazoezi. Yako ya aina mbili na muuzaji hawezi kukutenganishia kwa kuwa haimpi faida. Kuna mazoezi yanayolenga *kurudisha* eneo lililopotea, na kuna yanayomfundisha mtu *kutumia* vizuri eneo lililobaki.

Hayo ya kurudisha yana historia ndefu yenye ugomvi. Mwaka 1998 watafiti wa Magdeburg, Ujerumani, Erich Kasten na Bernhard Sabel na wenzao, walitoa ripoti kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi ya kompyuta kwa miezi, kukodolea nukta katikati ya skrini na kubonyeza kila mwanga ukiwaka kwenye mpaka wa eneo linaloona na lisiloona, mpaka ule ulisogea kidogo. Watu walifurahi jamani. Kampuni ya NovaVision ikachukua tiba hiyo, mwaka 2003 ikapata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kuiuza huko, nusu saa mara mbili kwa siku kwa miezi 6 hivi. Halafu mwaka 2005 watafiti wa Tübingen, hukohuko Ujerumani, wakawapima upya wagonjwa waliomaliza mazoezi hayo wakitumia kifaa cha leza kinachoangalia moja kwa moja nyuma ya jicho huku mtu akipimwa, ili jicho likihama wajue. Walipodhibiti macho hivyo, ule mpaka kwa karibu wote haukuwa umesogea wa kutosha kumsaidia mtu. Hoja ya wapinzani ikawa hii: mgonjwa amejifunza bila kujua kurusha macho kidogo kuelekea upande wa giza, taa inaingia kwenye eneo linaloona, anabonyeza, mashine inaandika "ameona". Wanaoitetea nao wana majibu yao na ubishi haujaisha mpaka leo. Ila hata wenye tiba yao walizungumzia digrii chache tu za upana wa kuona, hawakusema uoni wote.

Kuna njia ya pili ya kurudisha ambayo mimi binafsi inanivutia zaidi. Mwaka 1917 daktari mmoja, George Riddoch, akiwatibu askari waliopigwa risasi kisogoni kwenye vita vya kwanza vya dunia, aligundua kwamba baadhi yao kwenye upande ambao "hawaoni" kitu kikitulia hawakioni ila kikisogea wanahisi kuna kitu. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz alikutana na mgonjwa aliyeapa haoni kabisa upande mmoja lakini akiambiwa abahatishe taa iko wapi, aelekeze kidole tu, anapatia mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Maana yake kuna njia za pembeni ndani ya ubongo bado zinapitisha habari bila mwenyewe kujua. Krystel Huxlin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, New York, wakazishika njia hizohizo wakaanza kuzifundisha: mtu anakodolea nukta ya katikati, kwenye upande wa giza yanatokea madoa madogo yanayosogea kwa muda usiofika sekunde, anasema yameelekea kulia au kushoto. Mwanzoni anabahatisha tu, anaona anadanganya. Anarudia mamia ya mara kila siku, wiki nyingi, na taratibu wengi wanaanza kupatia kweli, mashine ikiwa inalinda macho yasihame. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba walioanza ndani ya miezi 3 ya kwanza walikuwa bado na mabaki ya uoni kwenye upande ule na walijifunza haraka kuliko wale ambao kiharusi chao ni cha zamani. Sasa msikimbie kununua na hiyo. Ni kazi ya maabara, kinachorudi ni hafifu, hakina ukali wa uoni wa kawaida, na kinarudi kwenye kile kieneo kilichofundishwa tu. Lakini kama mtapata hospitali ya chuo kikuu inayofanya utafiti wa namna hii na kuchukua wagonjwa bila malipo, mpelekeni, tena mapema.

Aina ya pili, ya kutumia kilichobaki, haina mbwembwe na ndo ninayowaomba muianze kesho asubuhi. Mtu wa hemianopia ukimwangalia macho yake akitafuta kitu utaona anaruka vipande vidogo vidogo kuelekea upande wa giza, anasita, anarudi, anasita tena, kwa sababu huko hakuna kinachomwita. Mazoezi yanambadilishia hiyo tabia. Mketisheni baba mezani, kichwa kitulie, tawanyeni vitu vidogo kama ishirini mezani, vifuniko vya chupa vinatosha, vya rangi mbili au tatu. Mwambie atafute vyekundu vyote. Sheria ni moja: jicho kwanza liruke mpaka ukingo wa KUSHOTO wa meza, mruko mmoja mkubwa uvuke hata anapodhani vitu vimeishia, halafu ndo lirudi likifagia mstari kwa mstari kuja kulia. Atachoka, atakasirika, atawaambia hamna kitu huko. Mkae naye. Mkiona mezani anamaliza haraka hamieni kwenye kabati lililo wazi, kisha ukutani, kisha kutembea ukumbini akitaja kila kitu cha kushoto kabla hajakipita, hapo kichwa sasa aruhusiwe kugeuka. Nusu saa kwa siku, wiki sita. Muda huohuo ndo Fiona Rowe na wenzake wa Liverpool walioutumia kwenye jaribio lao la Uingereza, walilinganisha mazoezi haya na miwani ya prizimu (kioo kinachosogeza picha ya upande wa giza kuja upande unaoona) na kupewa maelezo tu, waliofanya mazoezi walijisikia maisha yao ya kuona yamekuwa nafuu. Upande wa prizimu karibu 7 katika 10 walipata usumbufu, hasa kichwa kuuma, kwa hiyo anayewaambia bandikeni prizimu tu mambo yaishe naye mumuulize maswali.

Na mniwie radhi kwa ukweli huu: mwaka 2019 jopo la Cochrane, wale wanaokusanya majaribio yote ya dunia na kuyachambua, waliangalia tiba zote za uoni uliopotea kwa kiharusi wakakuta ushahidi kwa jumla ni hafifu. Mazoezi ya kutafuta kwa macho yanaonekana huenda yanaboresha maisha, hayapanui eneo la kuona. Ya kurudisha ushahidi hautoshi kusema yanafanya kazi. Mwonyeshe kaka hiyo aya.

Wakati huohuo simu ipigwe kwa daktari wa kiharusi, sio kwa muuzaji. Dawa za presha na za kuzuia damu kuganda zisikatike hata siku moja, maana hakuna zoezi la macho linalosaidia mtu aliyepata kiharusi cha pili.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mhasibu, kiharusi kilinipata miaka minne iliyopita nikapoteza kulia. Kutembea nimezoea, tatizo ni kusoma. Nilikuwa nakula kitabu kwa siku mbili, sasa ukurasa mmoja nachoka kama nimelima. Nasikia ikishapita mwaka ubongo umefunga, nikubali tu? – Msomaji wa zamani

Usikubali, kaka. Uoni wenyewe kurudi baada ya miaka minne siwezi kukuahidi, ila kusoma ni ujuzi na ujuzi unafundishika hata baada ya miaka kumi. Hiyo habari ya ubongo kufunga watu wameitoa kwenye miezi ile ya uoni kujirudia wenyewe wakaisambaza kwenye kila kitu.

Kwa nini kulia kunaumiza hivyo? Kwa sababu tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia na jicho la msomaji mzuri linachungulia herufi kadhaa mbele ya pale lilipo ili lijue liruke wapi. Wewe huo mbele ni ukungu. Jicho linaruka kiholela, linatua katikati ya neno, linarudi, linaruka tena. Halafu mwisho wa neno unakatika, na Kiswahili chetu kimeweka mambo mazito mwishoni, unakutana na "alipigwa" unasoma "alipiga", mhalifu na mhanga wamebadilishana na wewe umeshafika mstari wa tatu huelewi hadithi. Baba wa yule binti hapo juu, aliyepoteza kushoto, yeye anasoma mstari vizuri ila anakosa mwanzo wa neno, "hatutakuja" kwake ni "tutakuja", na akimaliza mstari hajui wa chini unaanzia wapi. Shida mbili tofauti, tiba mbili tofauti, ndo maana programu moja ya wote nina mashaka nayo.

Kwako wewe wa kulia kuna zoezi lenye ushahidi mzuri kiasi. Unasoma maneno yanayotembea kwenye skrini kwa mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto kama yale maandishi ya habari chini ya televisheni. Yanapotembea yanayalazimisha macho kufuata na kuruka kurudi kulia, tena na tena, na mruko huo ndo unaofundishwa. Timu ya Alex Leff pale University College London ilitengeneza programu ya bure ya onlaini inaitwa Read-Right kwa ajili ya watu kama wewe, na ripoti yao ya 2012 ilionyesha kasi ya kusoma iliongezeka kwa wastani karibu 40% baada ya masaa 15 ya mazoezi, tena wengi walikuwa wa zamani sio wa mwezi uliopita. Masaa 15 ni nusu saa kwa siku kwa mwezi mmoja tu. Ukikosa hiyo, programu yoyote ya simu inayotembeza maandishi utaitumia kwa kanuni ileile, anza polepole mpaka unasoma bila kukosa neno, ndo uongeze kasi kidogo.

Mengine madogo: weka rula chini ya mstari, geuza kitabu wima ili mistari ishuke kutoka juu kwenda chini, inaonekana kituko lakini wengine wanazoea kabisa, na herufi usizikuze kupita kiasi. Watu wengi wanakuza wakidhani wanasaidia kumbe neno likirefuka nusu yake inaangukia gizani. Na hesabu zako za kazini, ninakuomba kwa heshima, mpe mwenzako akague safu ya kulia kabisa, huko ndo sifuri zinapopotea.

SWALI: Dokta mume wangu baada ya kiharusi ananyoa nusu ya uso, anavaa mkono mmoja wa shati, chakula anaacha upande wa kushoto wote. Nikimwambia haoni kushoto ananijia juu, anasema naona vizuri nyie ndo mnanisumbua. Mazoezi hataki. Ni kiburi? – Mke mchovu

Sio kiburi mama, na pole, najua hiyo hali inavyomaliza mtu. Huyu huenda shida yake sio kuona, ni ubongo kuacha kushughulika na upande wa kushoto. Mtu wa hemianopia anajua kuna kitu kimepotea, anageuza kichwa kukitafuta. Wa huku kwako hatafuti, kwa sababu kwake hakuna upande mwingine wa kutafuta. Hata mwili wake mwenyewe, ndo hiyo ya shati. Mpe karatasi achore saa ya ukutani. Namba zote zikijazana kulia, au zikiishia 6 na yeye akaridhika kabisa kwamba saa imekamilika, mpeleke na hiyo karatasi kwa daktari, inaongea kuliko maelezo. Vyote viwili vinaweza kuwa pamoja pia, kwa hiyo apimwe.

Kubishana naye acha, hushindi. Mtu aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo mara nyingi ubongo ndo umemnyima taarifa, sio roho mbaya. Kwa hiyo zoezi usiliite zoezi. Akimaliza kula geuza sahani. Unapoongea naye anza kwa kumgusa bega la kushoto, halafu ukae kushoto kwake umsubiri akutafute. Mimi naona nyumbani mambo ya maana, redio, simu, wajukuu, yawe kushoto, ila maji ya kunywa na kengele ya kuita viwe kulia maana hivyo ni usalama. Wengi wanapata nafuu kadiri wiki zinavyokwenda. Jiko na barabara asiachwe peke yake kwa sasa.

SWALI: Mchezo wa sudoku na maneno ya kufumba vinafundisha ubongo kuona? – Jirani yenu

Hapana. Vinamfanya mtu awe hodari wa sudoku. Kama anafurahia acheze, na akicheza kwenye karatasi kubwa angalau macho yanazunguka, lakini msiihesabu kama tiba.

SWALI: Naomba jina langu lisitajwe. Tangu kiharusi upande nisioona naona watu wadogo wamevaa mavazi ya rangi wanapita, mara nyingine maua ukutani. Najua hawapo. Sijamwambia mtu, nitaonekana nimechanganyikiwa. Hayo mazoezi ndo yananichokoza ubongo?

Hujachanganyikiwa, na mazoezi hayahusiki. Ubongo ukikosa habari kutoka sehemu fulani huwa unajitengenezea picha zake, na kwa wa hemianopia picha hizo hutokea hukohuko kwenye upande wa giza. Mwaka 1760 Mswisi Charles Bonnet aliandika habari za babu yake aliyeona mambo kama yako, na hali ikaja kubeba jina la Bonnet. Alama kubwa ni hiyo uliyoitaja mwenyewe, unajua hawapo. Kwa wengi zinapungua na muda. Zikikujia jaribu kupepesa macho haraka, kuyazungusha kulia kushoto, au kuwasha taa, mara nyingi zinakatika. Mwambie daktari wako hata hivyo, na umwambie haraka kama unachokiona ni miduara ya rangi inayomweka sekunde chache na kurudia ileile kila mara, au kama watu hao wameanza kukusemesha, hayo mambo mengine yana sababu nyingine na yana dawa yake. Na mwambie mtu mmoja nyumbani. Siri hii inachosha kuliko wale watu wenyewe.

SWALI: Nimefanya mazoezi ya kutafuta kwa macho wiki sita mfululizo, sigongi tena milango, mke wangu mwenyewe anashangaa. Naweza kurudi kwenye usukani? – Dereva mstaafu asiyetaka kustaafu

Hongera sana mzee wangu, hiyo kazi sio ndogo. Ila hapana, bado, na huenda isiwe kabisa. Mazoezi yamekufundisha kugeuka na kutafuta, hayajaongeza eneo lenyewe, na mtoto akitokea upande wa giza ukiwa kwenye mwendo hutakuwa na muda wa kwenda kumtafuta. Uingereza kwa mfano wanataka uwanja wa kuona wa angalau digrii 120 kwa upana, na mtu aliyepoteza nusu nzima kwa kawaida hazifikishi. Nchi nyingine zina vipimo vyao, baadhi wanakubali upimwe barabarani na mkufunzi maalum kama kiharusi kimetulia muda mrefu. Kwa hiyo pima uwanja wa kuona upya kwa mashine, chukua hiyo karatasi, nenda na daktari wako kwa mamlaka ya leseni uulize kwa maandishi. Usiende kujipima mwenyewe alfajiri barabara ikiwa tupu, nimeshasikia hiyo kwa zaidi ya mmoja. Na bima ukipata ajali bila kuwaambia uliwahi kupata kiharusi, huenda wasikulipe.